MAMLUKI MWENYE MOYO MZURI: NI MZURI KWA NANI?

Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wataliona dogo mno kwa jarida kama hili, nalo ni tamthilia. Hatuzungumzii hukumu ya kuzitazama. Hilo limeandikwa na wengi, na aliyetaka kusikia amesikia. Tunazungumzia hoja moja iliyotoka katika tamthilia hizo ikaingia vichwani mwa vijana wetu, na sasa tunaisikia barazani, tunaisikia mashineni kunakokobolewa mpunga, na tunaisikia hata uani mwa msikiti baada ya swala ya Alasiri. Hoja yenyewe ni kwamba mtu anayeuza silaha yake kwa kila mwenye fedha si mtu mbaya. Ni mtu mwenye pande mbili, ndani yake mna moyo mzuri, basi tusiharakishe kumhukumu.

Kagongwa yetu imekaa juu ya barabara kuu. Malori yanapita hapa mchana na usiku kuelekea Kahama, Rusumo na nchi zilizo mbele yake, na kila kilichomo duniani hutufikia, ama kwa lori ama kwa simu. Kijana mwenye shilingi chache huingia kibandani akajaziwa mfululizo mzima wa tamthilia, ambao wao huuita sizoni, kisha huutazama gizani mpaka adhana ya Alfajiri imkute macho yamevimba. Zamani katika mabanda ya video watu walikuwa wawili tu, stelingi na adui. Stelingi hafi na adui hashindi, na mtoto wa miaka saba aliweza kukwambia nani ni nani kabla filamu haijafika kati. Sizoni za siku hizi, hasa hizi za kubuni za kisayansi zenye vyombo vya kuruka baina ya nyota, zimemleta mtu wa tatu ambaye si stelingi wala si adui. Huyo ni mpiganaji wa kulipwa. Huua kwa mapatano, huchukua ujira wake, kisha katikati ya hadithi tunaonyeshwa kuwa anampenda mtoto fulani, au anamtumia mama yake fedha, au anaona haya kwa jambo alilolitenda. Hapo ndipo vijana wetu huyeyuka.

Tukichukua mfano unaojulikana zaidi, katika sizoni ya Kimarekani iitwayo The Mandalorian, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, mpiganaji wa kukodiwa hutumwa kumkamata mtoto. Anamkamata, anamkabidhi kwa waliomtuma, anapokea malipo yake ya chuma cha thamani. Kisha moyo unamsuta, anarudi usiku, anawaua askari waliokuwa zamu na kumchukua mtoto. Tangu saa ile watazamaji wamemsamehe yaliyopita na yatakayokuja. Sisi tunauliza swali la kijinga: wale aliokuwa akiwakamata na kuwauza kabla ya mtoto huyu, ambao nao huenda walikuwa na watoto, nani alirudi usiku kuwachukua? Sizoni haisemi, na haiwezi kusema, kwa sababu kamera imepanda pamoja na mamluki katika chombo chake. Tunauona moyo wake kwa kuwa tumesafiri naye. Aliyebaki chini na risasi kifuani hakusafiri naye.

Hili ndilo tunalotaka ndugu zetu walielewe kabla hatujakwenda mbali. Huo uzuri wa mamluki unaosifiwa ni uzuri kwa aliye upande wake. Haudai kitu kwa mtazamaji wala haumfai kitu aliyelipwa kumuua.

Insafu hata hivyo inatulazimu kusema kuwa waandishi wa sizoni hizi si wote wajinga, na wengine wana busara kuliko watazamaji wao. Iko tamthilia ya mwaka 2002 iitwayo Firefly, ambayo haikudumu hata msimu mmoja kamili, na ndani yake yumo mtu anayeitwa Jayne Cobb, mwenye nguvu nyingi na akili ya kukadiria fedha tu. Kuna sehemu moja ambayo jahazi lao linatua katika mji wa wachimba udongo. Watu hao wanafanya kazi matopeni kwa ujira usiojaza tumbo, na tajiri mmoja anawamiliki kama ng'ombe. Jayne anashuka na kushangaa kukuta sanamu yake imesimamishwa katikati ya mji, na watu wanamwimba. Kwa nini? Kwa sababu miaka minne nyuma kisanduku cha fedha kilianguka kutoka angani juu ya vibanda vyao, nao wakaamini kuwa shujaa huyu alimwibia tajiri ili awape maskini. Ukweli ni kwamba aliiba kwa ajili yake mwenyewe, chombo chake kikapata hitilafu na kuanza kushuka, naye akakipunguzia mzigo. Cha kwanza kukitupa hakikuwa kisanduku cha fedha. Cha kwanza kilikuwa mwenzake waliyeiba pamoja.

Mwisho wa sehemu ile kijana mmoja wa matopeni anajitupa mbele ya risasi ili shujaa wake asife, na anakufa yeye. Jayne mwenyewe ndiye anayeiangusha sanamu yake, kwa hasira, kwa kuwa anajua alivyo. Lakini vijana wetu waliotusimulia hadithi hii waliisimulia kwa kumsifu Jayne: "Umeona, sheikh, hata yeye alijisikia vibaya." Kijana aliyekufa hawakumtaja mpaka tulipouliza.

Na sisi wa ukanda huu wa dhahabu tunawajua watu wa mji ule kuliko hao walioutunga. Tunaye mchimbaji anayeshuka duarani alfajiri na kupanda magharibi akiwa na kiroba cha mawe ambacho huenda karasha lisitoe kitu. Tunajua pia namna anavyotazamwa mtu anayefika na gari kubwa, hajulikani alikotoka, akamwaga noti. Hakuna anayeuliza zimeanguka kutoka chombo gani na nani ametupwa kabla yake. Tuseme wazi, na anayekasirika akasirike: hata katika misikiti yetu amewahi kupatikana mtu wa namna hiyo, akatoa saruji na mabati, akasogezewa nafasi safu ya mbele, na imamu akamwombea dua kwa sauti kubwa kuliko aliyoitumia kumwombea mjane aliyetoa ndoo mbili za mchanga. Sanamu si lazima iwe ya udongo.

Atakayesema kuwa haya ni ya filamu tu, basi tumpeleke kwa ndugu zetu wa Komoro. Visiwa vile ni vya Waislamu, ni jirani zetu kwa bahari, lugha yao ni dada wa Kiswahili, na huko Itsandra ndiko alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumeit aliyekuja kuwa kadhi Zanzibar. Huko aliishi mamluki ambaye hakuna sizoni iliyomfikia.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1929 kwa jina la Gilbert Bourgeaud, na dunia ikamjua kwa jina la Bob Denard. Alipigana Katanga upande wa Moïse Tshombe, akaenda Yemen, akarudi Kongo, na Januari 1977 aliongoza kikosi kilichotua Cotonou nchini Benin kuipindua serikali, kikashindwa na kukimbia. Komoro aliijua tangu mwaka 1975. Visiwa vilitangaza uhuru Julai 6 mwaka huo chini ya Ahmed Abdallah. Haukupita mwezi, Abdallah akapinduliwa, na Ali Soilih akawa ndiye mwenye nguvu. Abdallah akakimbilia kisiwa chake cha Anzwani. Denard alikodiwa kwenda kumkamata kwa niaba ya Soilih, na Septemba 1975 akamkamata.

Miaka miwili na miezi kadhaa ikapita. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1978, Denard huyohuyo alitua Ngazija kwa meli ya uvuvi na watu wapatao 50, safari hii kwa niaba ya Abdallah, kumpindua Soilih. Soilih aliuawa akiwa kizuizini Mei 29, na ikaelezwa kuwa alikuwa anatoroka. Abdallah akarudishwa madarakani na mkono uleule uliomkamata.

Na hapa ndipo msomaji mwadilifu lazima asimame, kwa kuwa ukweli haupungui kwa kusemwa wote. Watu wengi wa Ngazija walimshangilia Denard alipoingia. Utawala wa Soilih ulikuwa mzito. Vijana wenye silaha walipewa mamlaka juu ya wazee, kumbukumbu za serikali zilichomwa moto, mila za watu na heshima ya masheikh vilipigwa vita. Aliyewaondolea mzigo huo, kwa macho yao, alikuwa mkombozi. Kisha akasilimu. Akajiita Said Mustapha Mahdjoub, akaoa mwanamke wa huko, akapewa uraia, akafuga na kulima. Kama angekuwa mtu wa sizoni, vijana wetu wangelia mbele ya simu zao.

Je, Uislamu wake ulikuwa wa kweli? Hilo hatulijibu. Kisa cha Usama bin Zayd (r.a.) kimetufunza kuwa hatukupewa kazi ya kupasua nyoyo za watu, na tunachokijua ni kwamba alipofariki Oktoba 2007 ibada ya mazishi yake ilifanyika kanisani mjini Paris. Lakini mwenye kumtetea kwa Uislamu wake, au kwa mke wake, au kwa shamba lake, tunamwambia kuwa amejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Sisi hatujauliza kama Denard alikuwa na moyo. Tumeuliza alikuwa anafanya nini pale, na nani alikuwa analipa.

Alikuwa anaongoza kikosi cha ulinzi wa rais, chenye watu wapatao 500, chini ya maofisa wazungu, na kwa miaka ya 1980 hapakuwa na nguvu nyingine visiwani iliyoweza kusimama mbele yake. Mishahara ya kikosi hicho ililipwa na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Kwa makaburu, Komoro ilikuwa mahali pa kusikilizia mawasiliano ya majirani na mlango wa kukwepea vikwazo vya dunia. Tafakari, ndugu msomaji. Rais wa nchi ya Kiislamu, nchi ya Kiafrika, analindwa na askari wanaolipwa na utawala uliowafungia Waafrika katika vitongoji na kuwapiga risasi watoto wa shule Soweto. Na mkuu wa walinzi anaswali Ijumaa. Je, Mkomoro wa kawaida, mvuvi wa Mwali, aliulizwa?

Usiku wa kuamkia Novemba 27, 1989, Rais Abdallah alipigwa risasi katika ikulu yake, na Denard alikuwamo chumbani. Yeye alikana kuhusika, na mwaka 1999 mahakama ya Ufaransa ilimwachia huru, nasi hatuna la kuongeza juu ya hukumu hiyo. Lakini tunahesabu. Mtu mmoja alimkamata Abdallah mwaka 1975, alimrudisha mwaka 1978, na alikuwa mita chache kutoka kwake alipouawa mwaka 1989. Baada ya hapo Ufaransa ilipeleka askari, na katikati ya Desemba Denard akasafirishwa kwenda Afrika Kusini. Kwa kudra ya Allah, Desemba 4 mwaka huohuo, siku chache tu baada ya mauaji yale, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kupinga kuajiri na kutumia mamluki. Nchi za Afrika zilikuwa zimetangulia kupitisha wa kwao mjini Libreville mwaka 1977, kwa sababu ni Afrika iliyokuwa ikichinjwa.

Alistaafu? La. Usiku wa kuamkia Septemba 28, 1995, akiwa mzee wa miaka 66 anayechechemea, alirudi na watu wapatao 30 kwa mashua za mpira na kumpindua Rais Said Mohamed Djohar. Safari hii askari wa Ufaransa walimkamata ndani ya siku chache. Aliposhitakiwa kwa hilo huko Paris mwaka 2006, walisimama wakuu wa zamani wa ujasusi wa Ufaransa kueleza kuwa mambo kama hayo hayafanywi bila wakubwa kujua. Akapewa kifungo cha miaka mitano cha nje. Rufaa ya mwaka 2007 ilimpa mwaka mmoja wa kukaa ndani, lakini alikuwa ameshapoteza kumbukumbu kwa maradhi, na hakuwahi kuulala. Wakomoro hawakupoteza kumbukumbu.

Tuliosoma Kiarabu tuna la kuongeza kuhusu majina, na wasomaji watusamehe kwa kuwapeleka darasani kidogo. Waarabu wa leo humwita mtu huyu murtaziq, neno linalotokana na rizki: mwenye kutafuta riziki. Zamani halikuwa neno la aibu. Liliwahusu askari walioandikwa katika diwani ya dola na kupewa posho. Sisi Waswahili tumechukua neno jingine la Kiarabu, mamluuk, mwenye kumilikiwa, na kwa Waarabu hilo lilikuwa jina la askari watumwa walionunuliwa wakiwa watoto, wakalelewa kwa silaha, wakaja kutawala Misri na Sham. Hao ndio waliowazuia Wamongolia pale Ain Jalut katika Ramadhani ya mwaka 658 Hijria, sawa na 1260, wakati Baghdad ilikuwa imeshakuwa majivu. Nao hawakuwa malaika, kwani sultani wao Qutuz aliuawa na wenzake njiani akirudi kutoka katika ushindi uleule. Ajabu ni kuwa Kiswahili, kwa kuchagua neno la pili, kimesema kweli kuliko Kiarabu cha magazeti. Anayepigana kwa fedha husema anatafuta riziki, lakini amemilikiwa. Tena yule mamluki wa Misri alinunuliwa na mtu mwingine akiwa mtoto. Huyu wa leo amejiuza mwenyewe akiwa na akili timamu.

Hapa huletwa shubha, na aliyetuletea ni mtu mzima anayefanya kazi ya ulinzi katika kampuni moja mgodini, kwa hiyo tunaiheshimu. Alisema: "Maustadhi, nami nalipwa kushika silaha. Askari wa Jeshi la Wananchi naye analipwa. Wote ni mamluki?" Tunasema: hasha. Ujira si dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa ujira, na mlinzi anayekesha langoni ili mali ya watu isiibwe anakula halali yake maadamu hadhulumu. Askari wa nchi ana kiapo, ana sheria juu yake, ana mama ambaye jirani zake wanaweza kumwendea na kumwambia mwanao katukosea. Mamluki amekodiwa kutoka nje ya ugomvi. Hana ndugu katika mji anaoupigania wala katika mji anaoupiga, na mkataba ukiisha au ukipanda bei hubadili upande, kama Denard alivyobadili kati ya mwaka 1975 na 1978, bila kuhitaji hata kubadili kofia.

Mkoa wetu una mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanakijiji wa Kahama na majirani zao waliunda Sungusungu, wakachukua pinde na mishale na filimbi, wakalinda wenyewe bila mshahara. Walikosea pia. Wapo walioadhibiwa kwa tuhuma za uchawi bila hoja wala ushahidi, na sheria ya Allah haikubali damu imwagwe kwa dhana. Lakini walikosea mbele ya watu wanaowajua kwa majina, na aliyedhulumiwa alijua mlango wa kuugonga. Mlango wa mamluki uko wapi?

Na wale wanaotetea kwa ushujaa, kwamba mtu huyu walau si mwoga, wakumbuke habari ya Quzman katika vita vya Uhud, iliyomo katika vitabu vya sira. Alipigana kwa ushujaa uliowastaajabisha Masahaba, akaua washirikina saba au wanane, akabebwa akiwa na majeraha huku watu wakimpa bishara njema. Akawajibu kuwa hakupigana ila kwa ajili ya heshima ya kabila lake, na maumivu yalipozidi akajiua kwa mshale wake. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshasema nini mafikio yake. Na katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume aliulizwa kuhusu anayepigana kwa ajili ya ngawira, na anayepigana ili atajwe, na anayepigana ili aonekane nafasi yake, jibu lake liliwaacha wote watatu nje ya njia ya Allah. Ushujaa wao haukuulizwa.

Lakini filamu ina nguvu ambayo darsa letu halina. Mwaka 1978, mwaka uleule Denard alipotua Ngazija, ilitoka filamu iitwayo The Wild Geese, ya mamluki wazungu katika Afrika, wachangamfu, waaminifu kwa wenzao, wanaokufa vizuri. Mshauri wa filamu hiyo alikuwa Mike Hoare, aliyeongoza mamluki wa Tshombe huko Kongo mwaka 1964 na 1965. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1981, Hoare alitua Shelisheli na watu wake wakijifanya chama cha wanywaji bia waliokuja mapumzikoni, mabegi yamejaa wanasesere wa kupewa watoto yatima, na chini ya wanasesere bunduki. Ofisa wa forodha akaigundua moja. Wakapigana uwanjani, wakateka ndege ya Air India, wakakimbilia Durban. Hoare alihukumiwa miaka 10 na kuachiwa mwaka 1985, na alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100. Yatima wa Shelisheli hawakupata wanasesere wao.

Kama mtu anadhani haya yamekwisha, atazame barabara hii inayopita mbele ya msikiti wetu inaishia wapi. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23, Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wamekodiwa upande wa serikali ya Kongo walivushwa mpaka kuingia Rwanda, wakapanda ndege kurudi kwao. Iliripotiwa kuwa baadhi yao walilipwa dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa Kongo aliyesimama handaki moja nao alipata kama 100. Wao walikuwa na ndege ya kurudi. Watu wa Goma walibaki Goma.

Na soko sasa limegeuka, linanunua kwetu. Kijana mmoja Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma alifungwa huko mwaka 2022, akapewa na kampuni ya mamluki ya Wagner ahadi ya fedha na msamaha ili akapigane Ukraine, akafa Oktoba mwaka huohuo. Maiti yake iliwasili Januari 2023, na serikali yetu ikakumbusha kuwa sheria inamkataza Mtanzania kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Tunamwombea familia yake subira, wala hatumhukumu aliyechaguzwa kati ya gereza na bunduki. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja Athi River, wakisubiri kusafirishwa kwa vita hivyohivyo. Wengi wa wanaoitika wito wa namna hii huambiwa ni kazi ya ulinzi, au udereva, au kiwanda.

Tunaulizwa kwa nini tunapoteza wino kwa ajili ya watu wa kubuni wanaoruka baina ya nyota. Tunaandika kwa sababu kijana anayekuja darsa letu la usiku, hodari wa kusoma, ambaye duara alilowekeza na wenzake limekuwa maji matupu tangu masika, alituletea karatasi aliyotumiwa kwenye simu na mtu asiyemjua. Kazi ni ya usalama, ng'ambo. Tulipomwonya alitujibu kwa Jayne Cobb, kwamba mtu anaweza kufanya kazi chafu na moyo wake ukabaki safi, na kwamba akipata fedha atarudi kujenga madrasa. Hatukubishana naye juu ya moyo wake. Tulikaa naye baada ya Isha tukaisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Imetaja mshahara kwa dola, imetaja chakula na malazi, imetaja muda wa miezi 12, na imetaja fedha watakazopewa wazazi akifa. Tukamwomba atuonyeshe mahali ilipoandikwa anakwenda kupigana na nani. Akaipitia mara mbili, akaipitia tena kwa mwanga wa simu, akatuachia karatasi akaenda nyumbani.